Malaika wa Bwana Shambani

Mchoro ambao Jean-François Millet aliukamilisha mwaka 1859 huitwa kwa Kifaransa L'Angélus, na wengi wetu tumezoea kulibeba jina hilo vivyo hivyo, kana kwamba Kiswahili hakina neno lake. Kinalo. Angelus ni neno la kwanza la sala ya Kilatini, sala ileile ambayo Wakatoliki wa huku kwetu Shinyanga na Geita huisali kengele ya jioni inapolia, nao huiita Malaika wa Bwana.

Ni turubai ndogo, upana wake sentimita 66. Mume na mke wamesimama katika shamba la viazi, jua linazama. Mume amevua kofia na kuinamisha kichwa. Mke amekutanisha mikono kifuani. Uma wa kuchimbia umekitwa ardhini, kikapu ki miguuni, toroli limebeba magunia, na mbali kabisa waonekana mnara wa kanisa. Nyuso zimo kivulini, hazisomeki. Mama wa Kisukuma aliyeshinda shambani akichimba viazi vitamu vya michembe hahitaji kufafanuliwa migongo ile.

Simanzi hiyo yatoka wapi? Mwaka 1865 Millet aliandika kwamba alimkumbuka bibi yake, ambaye kengele ikilia aliwasimamisha kazi ili wawaombee marehemu. Mhispania Salvador Dalí hakuridhika. Alishikilia kwamba wawili wale wanamzika mtoto wao, na picha ya eksirei ikaonyesha umbo kama sanduku chini ya rangi, karibu na kikapu. Kwangu mimi bibi anatosha. Kuwaombea wafu mikono ikiwa na udongo ni huzuni kamili, haidai jeneza.

Tajiri wa Boston aliyeuagiza mchoro, Thomas Gold Appleton, hakuja kuuchukua. Millet akauuza kwa faranga 1,000, akafariki mwaka 1875. Mwaka 1889 ulinadiwa Paris kwa faranga 553,000, na familia yake haikupata kitu. Kisa hiki kilitajwa sana na waliopigania sheria ya Ufaransa ya mwaka 1920, inayompa msanii na warithi wake fungu kazi yake inapouzwa tena.

Nilipokuwa nikikisimulia chuoni, wanachuo waliotoka Geita hawakuuliza habari za sala. Wao wamekua wakiona dhahabu ikitoka udongoni kwa bei moja na kutajwa ng'ambo kwa bei nyingine. Mmoja alitaka kujua fungu la wale wawili waliosimama shambani. Nikamjibu kwamba sheria ile haikuwahusu.