Tingatinga: Sanaa iliyozaliwa kando ya maduka ya Oysterbay

UKITAJA uchoraji wa Tanzania mbele ya mgeni, jina linalomjia kwanza aghalabu huwa ni Tingatinga. Wasichokifahamu wengi, hata miongoni mwa wakazi wa Dar es Salaam, ni kwamba mtindo huo haukuzaliwa chuoni wala katika jumba la makumbusho, bali nje ya maduka ya Morogoro Stores, kando ya Barabara ya Haile Selassie, Oysterbay.

Enzi za Waingereza, Oysterbay ilikuwa uzunguni. Ilitengwa kwa makazi ya maofisa wa kikoloni na Wazungu wengine, wakati Waafrika walio wengi waliishi katika maeneo kama Kariakoo, Ilala na Magomeni. Mwafrika aliyeonekana huko kwa kawaida alikuwa mpishi, mtunza bustani au mlinzi. Baada ya Uhuru mwaka 1961, nyumba hizo zilikaliwa na viongozi wa Serikali, mabalozi na wataalamu wa kigeni. Hao ndio waliokuja kuwa wateja wa Edward Saidi Tingatinga.

Kutoka mkonge hadi brashi

Tingatinga, anayeaminika kuzaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Njia hiyo ilipitwa na vijana wengi wa mikoa ya mbali, wakiwamo Waha wa Kasulu na Kibondo, walioitwa manamba. Baadaye alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu pamoja na vibarua mbalimbali.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na uwezo wa kununua turubai, hivyo alitumia vipande vya hadibodi vya mraba, vingi vikiwa na upana wa sentimita 60 hivi, na rangi za mafuta za kupaka baiskeli. Alichora chui, tembo, ndege na watu kwa mistari minene na rangi zinazong'aa, mara nyingi mnyama mmoja akijaza ubao mzima. Picha hizo ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kwa wageni waliofika kununua mahitaji yao.

Mafanikio yake hayakudumu. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliokuwa wakilifukuza gari alimokuwamo, wakidhani limebeba wahalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Hata hivyo, ndugu na wanafunzi wake, wakiwamo Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata, waliendeleza kazi yake. Mwaka 1990 wachoraji wa eneo hilo waliunda chama cha ushirika.

Jina ni la nani?

Umaarufu huo umezaa swali gumu. Mwaka 2010 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, nchini Kenya, kwa kufuata mtindo huo. Watoto wa Ulaya na Marekani walilijua jina Tingatinga bila kuijua Oysterbay.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji dhidi ya anayenakili picha yake. Hailindi mtindo. Kwa hiyo mtu yeyote, popote duniani, anaweza kuchora chui mwenye madoa kwa namna ya Tingatinga na kumuuza, na mchoraji wa Oysterbay asiambulie senti.

Kuta na mihogo

Sanaa ya jiji haikuishia kwenye hadibodi. Vijana wa kundi la Wachata wamejulikana kwa michoro ya ukutani, huku kituo cha Nafasi Art Space cha Mikocheni, kilichoanzishwa mwaka 2008, kikiwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi na kuonyesha kazi zao.

Aidha, mtembezi aliyetoka kutazama picha hahitaji kwenda mbali kutafuta chakula. Oysterbay ina migahawa mikubwa yenye mapishi ya mataifa mbalimbali, lakini sifa ya wenyeji imebaki Coco Beach, ambako jioni, hususan mwishoni mwa wiki, familia huketi kula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu, pamoja na mishkaki na madafu.

Kwa anayenunua picha, jambo moja dogo lina uzito. Picha za Tingatinga kwa desturi huwa na jina la aliyezichora. Kwa kuwa sheria haiulindi mtindo, jina hilo ndilo linalomtofautisha mchoraji na waigaji. Mnunuzi asisite kulitafuta, na mchoraji akiwapo, amuulize habari za kazi yake.