Karanga katika Njia ya Pumzi

Wasikilizaji wetu wa Kibiti na wa vijiji vya delta ya Rufiji, kila mtu ajua kupaliwa. Mtu hukohoa, machozi yakamtoka, na wenziwe humcheka. Lakini apaliwapo mtoto mdogo kwa karanga au korosho, jambo hilo si la kuchekwa.

Zamani kitu kikiisha kushuka mapafuni, tabibu aliweza kupasua koo tu, na wengi walikufa. Mwaka 1897, huko Freiburg katika Ujerumani, daktari Gustav Killian alipitisha bomba kinywani mwa mkulima mmoja, akachungulia ndani ya njia ya pumzi, akautoa mfupa uliokwama upande wa kuume. Upande huo ni mpana na umenyoka zaidi, ndiyo maana vitu vingi huangukia huko. Baada yake Chevalier Jackson wa Marekani alitia taa ndogo katika ncha ya bomba. Pini, vifungo na mbegu alizozitoa hakuzitupa. Vitu zaidi ya 2,300 vimo hata leo katika makumbusho ya Mütter, mjini Philadelphia. Sisi walimu twaona droo zile zafundisha kuliko vitabu vingi.

Mtoto akikohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Asipoweza kukohoa wala kulia, asitiwe kidole kooni kwa kubahatisha. Mchanga asiyetimiza mwaka alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisha ageuzwe, abonyezwe kifuani mara 5. Aliyepita mwaka apigwe mgongoni vivyo hivyo, kisha abanwe tumboni kwa nyuma, juu ya kitovu, kama alivyofundisha Henry Heimlich mwaka 1974. Yarudiwe hayo hata kitu kitoke.

Kinachodanganya wazazi ni kikohozi kutulia. Karanga imeshuka tu; hukaa, huvimba, na baada ya siku huleta homa na pumzi yenye mlio. Picha ya eksirei mara nyingi haiionyeshi. Basi mwambieni daktari, hata asipouliza, mtoto alikula nini, na siku gani. Njia si fupi kwa atokaye visiwani kwa mtumbwi hadi Nyamisati, ingawa wa ng'ambo ya kusini hawangoji tena kivuko cha Ndundu tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2003.

Nyumbani, karanga za mtoto wa chini ya miaka 5 zitwangwe, naye ale ameketi.