Umeme Haubebwi kwa Debe

Debe sote tunalijua. Mahindi hupimwa kwa debe, maji huchotwa kwa debe, na wakati wa harusi hata ngoma hupigwa kwa debe. Lakini wengi wetu tumesahau kwamba debe lilianza maisha yake likiwa bati la galoni 4, lililoleta mafuta ya taa na petroli katika bandari zetu. Mafuta yalipokwisha, bati lilibaki nalo likatafutiwa kazi nyingine.

Wiki hii nawaomba tulitazame bati hilo kwa jicho la historia. Magari ya umeme yanarudi barabarani kwa kasi, na watu wanabishana kama yatatufaa au hayatatufaa. Ubishi huo una umri wa zaidi ya miaka 100. Mara ya kwanza gari la umeme lilishindwa, na bati la mafuta lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyolishinda.

Wapo wanaodhani kuwa gari la umeme ni uvumbuzi wa juzi. La hasha! Takwimu za viwanda vya Marekani za mwaka 1900 zinaonyesha kuwa yalitengenezwa magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 yalikuwa ya umeme, na ya petroli yalikuwa 936 tu. Petroli ilikuwa mkiani. Mwaka 1899, Mbelgiji aitwaye Camille Jenatzy aliendesha gari la umeme karibu na Paris kwa kilometa 105 kwa saa, akawa mtu wa kwanza kupita mwendo wa kilometa 100 kwa saa ndani ya gari. Na mwaka 1897 teksi za umeme zilikuwa zimekwisha anza kubeba abiria mjini New York. Betri ikiisha nguvu, teksi iliingizwa kituoni, betri nzito ikatolewa, nyingine iliyojaa ikawekwa, na dereva akarudi kazini baada ya dakika chache.

Gari la umeme lilikuwa na sifa zake. Halikutoa moshi wala kelele, na halikuhitaji kuzungushwa kwa mkono wa chuma ili liwake, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi. Hata Clara Ford, mke wa yule Henry Ford aliyejaza dunia magari ya petroli, alikuwa na gari lake la umeme, aina ya Detroit Electric.

Sasa lilishindwaje? Vitabu vingi hutoa sababu tatu. Ya kwanza ni mafuta mengi yaliyogunduliwa Texas mwaka 1901. Ya pili ni bei: mwaka 1912 gari la petroli lilipatikana kwa dola 650, wakati lile la umeme liliuzwa dola 1,750. Ya tatu ni kifaa cha kuwashia injini kwa umeme, kilichobuniwa na Charles Kettering na kuwekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Tangu hapo, ule mkono wa chuma ukaanza kusahaulika.

Sababu hizo ni za kweli, lakini naona hazitoshi. Ipo ya nne, nayo ndiyo inayotuhusu sisi. Mtu anaponunua gari, hataki kuzunguka mjini peke yake. Anataka kwenda shamba, kwenda kwa wakwe, kwenda kuona dunia. Mjini kulikuwa na nyaya za umeme. Nje ya mji hapakuwa na kitu. Hata katikati ya miaka ya 1930, ni kama shamba 1 tu kati ya 10 nchini Marekani lililokuwa na umeme. Petroli haikuhitaji waya. Iliwekwa katika bati, ikapakiwa juu ya mkokoteni, ikafika katika duka la kijijini pamoja na chumvi na sabuni. Mwaka 1888, Bertha Benz aliposafiri na gari la mumewe nchini Ujerumani na kuishiwa mafuta, aliyapata katika duka la dawa la mji mdogo wa Wiesloch. Angekuwa na gari la umeme, safari ingeishia hapo.

Wala tusidhani kuwa tatizo lilikuwa betri peke yake. Mwaka 1910, gari la Detroit Electric lenye betri ya Thomas Edison lilijaribiwa likaenda kilometa 340 bila kuchajiwa tena. Huo si mwendo wa kudharauliwa hata leo. Lakini ukishazimaliza hizo kilometa 340, unachaji wapi?

Jibu la swali hilo lilionekana wazi kambini. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1924, Ford na Edison walikuwa na desturi ya kusafiri na rafiki zao na kulala katika mahema porini. Alikuwemo pia Harvey Firestone, mwenye kiwanda cha matairi, na mwaka 1921 hata Rais Warren Harding wa Marekani aliungana nao kambini. Edison alichukua betri zake, na usiku mahema yaling'aa kwa taa za umeme. Lakini msafara wenyewe ulikwenda kwa petroli. Mtu aliyehangaika miaka mingi kutengeneza betri ya gari alifika porini kwa mafuta, na betri yake ikabaki na kazi ya kuwasha taa.

Nimelitaja jambo la kambi kwa makusudi, kwa kuwa huko ndiko ubishi wa zamani umefufuka. Huko Ulaya, watu kwa maelfu huenda likizo na mahema au na vile vijumba vinavyokokotwa na gari. Viwanja vya kambi vina soketi, lakini soketi hizo ziliwekwa kwa ajili ya taa, jokofu dogo na birika la chai. Nyingi hutoa ampea 16, nyingine 10, na za zamani hata 6. Ampea 16 ni kama kilowati 3.7. Gari lenye betri ya kilowati-saa 60 litahitaji zaidi ya saa 16 hapo ili lijae. Gari moja halina neno. Yakija 20 na kuchomekwa jioni moja, waya uliofukiwa kwa ajili ya majokofu unabeba kilowati 74 usiku kucha. Ndiyo maana baadhi ya kambi zimepiga marufuku kuchaji magari katika soketi za mahema, na nyingine zimeweka chaja maalum zenye mita.

Hapo kuna suala la haki pia. Kambi nyingi hutoza ada moja ya umeme kwa usiku. Mwenye hema lenye taa moja analipa sawa na mwenye gari linalokunywa umeme hadi alfajiri. Maana yake ni kwamba maskini wa kambi anamlipia tajiri safari yake ya kesho. Mita ndiyo dawa yake, na mita ina gharama. Nani ailipie? Mwenye kambi, mwenye gari, au serikali inayotaka watu waachane na petroli?

Msomaji anaweza kusema kuwa hayo ni ya Wazungu na likizo zao. Si hivyo. Mwaka 2024 yaliuzwa duniani magari ya umeme zaidi ya milioni 17, yaani zaidi ya gari 1 kati ya kila 5 mapya. Mwaka huohuo, jirani yetu Ethiopia ilitangaza kuzuia kuingiza magari ya petroli na dizeli. Mjini Kigali, pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019, na dereva hangoji kuchaji: anaacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa, kama zile teksi za New York mwaka 1897. Huko Maasai Mara, kambi ya Emboo ilianza kuwatembeza watalii katika magari ya umeme yanayochajiwa kwa nguvu ya jua palepale kambini. Umeme unazalishwa mahali unapotumika, na hakuna lori la mafuta linalosubiriwa kutoka Nairobi.

Mifano hiyo inafundisha jambo moja. Gari la umeme linafanikiwa pale ambapo mtu amekwisha kufikiria mahali pa kulichaji kabla ya kulinunua. Gari la petroli lilitangulia vituo vyake, kwa sababu lilikuwa na debe. Gari la umeme haliwezi kutangulia waya. Hata betri ya kubadilisha, ambayo mtu angeweza kuiita debe la umeme, lazima ijazwe mahali fulani.

Sisi Tanzania tuna mahali pa kuanzia. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, lina uwezo wa megawati 2,115. Wakala wa Nishati Vijijini umesambaza nyaya mbali kuliko ilivyodhaniwa zamani. Marekani nayo ilianzisha idara ya kupeleka umeme vijijini mwaka 1935, lakini kwa gari la umeme ilikuwa too late, yaani mazishi yalikwisha pita. Viwanda vyake vilikuwa vimekufa na barabara zote zilikuwa zimekwisha jaa vituo vya mafuta, hizi tunazoziita sheli.

Hata hivyo, waya kufika kijijini si sawa na chaja kuwepo kando ya barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Dereva wa basi anajua atakula wapi, atajaza dizeli wapi na atapata fundi wa tairi wapi. Dereva wa gari la umeme anahitaji kuijua ratiba yake pia: Morogoro, Iringa, Makambako. Anahitaji kujua kama transfoma ya mahali hapo itamudu gari lake bila kuwazimia taa wenye nyumba, na kama atalipa alichotumia yeye.

Kwa hiyo, tunapobishana vijiweni kuhusu uzuri wa magari haya, tubadilishe swali. Ubora wa gari la umeme ulikwisha thibitishwa mwaka 1899, na haukulisaidia kitu. Tuwaulize wanaopanga barabara, hoteli, stendi na kambi za watalii: soketi iko wapi, waya wake una unene gani, na mita inasomwa na nani? Wenzetu hawakuuliza mapema, wakangoja karne nzima.