Uga sumaku wa Jua na miale ya kosmiki: Kwa nini Miasenyi ina kinga maradufu

MIASENYI, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa-Nairobi katika Kaunti ya Taita Taveta, hupitiwa na miezi mingi bila mvua. Hata hivyo, ipo mvua moja isiyokatika huko usiku na mchana, nayo haionekani kwa macho. Ni ya chembe zizaliwazo wakati miale ya kosmiki, itokayo nje ya mfumo wa Jua, inapogonga hewa ya juu. Kwa wastani, chembe moja hivi iitwayo muoni hupita katika kila sentimita mraba ya ardhi kila dakika.

Miale hiyo ilitambuliwa mwaka 1912 na Victor Hess wa Austria, aliyepanda angani kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 na kukuta mnururisho ukiongezeka kadiri alivyopaa. Ingawa huitwa miale, kwa hakika ni viini vya atomu, na takriban asilimia 90 ni protoni. Kwa kuwa zina chaji ya umeme, chembe hizo hupindishwa njia kila zinapokutana na uga sumaku.

Kizuizi chao cha kwanza ni Jua. Mwaka 1958, Eugene Parker wa Marekani alieleza kwamba Jua hutoa mfululizo upepo wa chembe, ambao kasi yake ni kilomita 400 hivi kwa sekunde. Upepo huo hubeba uga sumaku wa Jua, na kwa vile Jua linajizungusha, uga huo hujipinda mithili ya maji yarushwayo na bomba la bustani linalozunguka. Chombo Voyager 1 kilivuka mpaka wa himaya hiyo Agosti 2012, kikiwa umbali wa kilomita bilioni 18 hivi.

Chembe inayoingia humo ni kama jahazi linalokwenda joshi. Hukumbana na mafundo ya uga sumaku, ikayumbishwa huku na huko, ikapoteza sehemu ya nishati yake. Zile dhaifu hurudishwa zilikotoka.

Nguvu ya kizuizi hiki haiwi sawa daima. Madoa ya Jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Jua linapochachamaa, miale ifikayo duniani hupungua. Linapotulia, kama ilivyokuwa mwaka 2009, miale huongezeka. Aidha, mlipuko mkubwa wa Jua waweza kuipunguza kwa saa chache tu, jambo lililogunduliwa na Scott Forbush mwaka 1937 na kuonekana tena katika dhoruba ya Mei 2024.

Kizuizi cha pili ni uga sumaku wa Dunia, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapopata nafasi yake katika historia. Mwaka 1933, Mwitalia Bruno Rossi alipeleka vyombo vyake Asmara, Eritrea. Aligundua kwamba miale mingi zaidi ilitoka upande wa magharibi kuliko mashariki, ithibati kwamba chembe hizo zina chaji chanya.

Karibu na ikweta, mistari ya uga wa Dunia hulala sambamba na ardhi na kuziba njia. Protoni itakayo kushuka wima juu ya Miasenyi yahitaji nishati ya zaidi ya elektrovolti bilioni 10. Chembe zenye nguvu kiasi hicho haziyumbishwi sana na Jua. Kwa sababu hiyo, wakati vipimo vya karibu na ncha za Dunia hupanda na kushuka kwa asilimia 15 hadi 20 katika mzunguko mmoja wa Jua, katika ukanda wa ikweta badiliko ni la asilimia chache tu.

Tofauti hiyo ina maana kwa maisha ya watu. Ndege itokayo Nairobi kwenda Ulaya huiacha kinga ya ikweta na kuingia maeneo yenye miale mingi, hasa Jua linapotulia. Tangu mwaka 1990, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mnururisho imependekeza kwamba mnururisho unaowapata marubani na wahudumu wa ndege uhesabiwe kuwa wa kikazi.

Wanaakiolojia nao huguswa. Kaboni-14, itumiwayo kukadiria umri wa mkaa na mifupa, huzalishwa angani na miale hii. Jua likitulia kwa miongo mingi, kaboni hiyo huongezeka, na tarehe isiyosahihishwa kwa kulinganishwa na pete za miti yaweza kupotosha historia ya makazi ya kale.

Kwa kuwa chembe hizi hupindishwa mara nyingi, haziwezi kuonyesha moja kwa moja zilikotoka. Miale ya gama haina chaji, hivyo husafiri bila kupindishwa na sumaku. Setilaiti SAS-2, iliyorushwa Novemba 15, 1972 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, iliipima miale hiyo, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa yake huzaliwa pale miale ya kosmiki inapogonga gesi iliyotanda kati ya nyota.