Kalunguyeye wa Ulaya na uyoga-miiba

Kalunguyeye wa Ulaya (jina la kisayansi: Erinaceus europaeus) na uyoga-miiba (Hydnum repandum) ni viumbe viwili ambavyo Waingereza huviita kwa jina moja, kwa sababu vyote vina miiba. Hata hivyo havina undugu wa karibu: mmoja ni mamalia anayezidi kupungua, mwingine ni kuvu inayopatikana kwa wingi misituni. Majina yote mawili ya kisayansi yalitolewa na Carl Linnaeus, la uyoga mwaka 1753 na la mnyama mwaka 1758.

Miiba

Kalunguyeye mzima ana miiba 5,000 hadi 7,000 hivi mgongoni na ubavuni. Kila mwiba ni unywele uliokuwa mgumu kwa keratini, kama kucha. Akitishwa hujikunja kuwa kama mpira, na miiba humkinga pande zote.

Miiba ya uyoga iko chini ya kofia. Ina urefu wa milimita chache tu, ni laini na huvunjika ikiguswa. Haikingi kitu: kazi yake ni kutoa spora zinazopeperushwa na upepo.

Maisha

Kalunguyeye hutoka usiku kutafuta mbawakawa, viwavi, nyungunyungu na konokono. Wakati wa baridi hulala usingizi mrefu ndani ya kiota cha majani makavu.

Uyoga-miiba huota kuanzia majira ya joto hadi vuli chini ya mialoni, misonobari na miti mingine. Chini ya ardhi nyuzi zake hushikana na mizizi. Uyoga huipa miti maji na madini, nayo miti huupa sukari. Watu huula, ingawa uliozeeka huwa mchungu.

Hali ya uhifadhi

Mwaka 2024 shirika la IUCN lilimweka kalunguyeye wa Ulaya katika kundi la spishi zilizo karibu na kutishwa, kwa kuwa amepungua katika zaidi ya nusu ya nchi anamoishi. Sababu ni pamoja na magari, kung'olewa kwa nyua za vichaka na dawa za kuulia wadudu anaowala. Kujikunja humwokoa mbele ya mbweha, lakini si mbele ya gari. Nchini Uingereza wenye bustani hufungua tundu la sentimita 13 chini ya ua ili apite bila kufika barabarani.

Uyoga-miiba bado ni wa kawaida, lakini hutegemea miti hai: miti yake ikikatwa yote, nao hutoweka mahali hapo.