Uigaji wa chipu zenye prosesa nyingi

Uigaji wa chipu ni kuendesha, ndani ya kompyuta iliyopo, mfano wa chipu ambayo bado haijatengenezwa, ili wabunifu wajue mwenendo wake kabla ya kuingia gharama za kiwanda. Chipu ikiwa na prosesa moja, kinachohitajika zaidi ni subira. Prosesa zikiwa nyingi huzuka jambo gumu zaidi: ipi ilifika kwanza kwenye kumbukumbu, na ipi ilisubiri.

Programu inayofuatilia kila mpigo wa saa ya chipu huiga takriban amri 100,000 kwa sekunde, ilhali prosesa halisi hutekeleza bilioni 1 au zaidi. Kwa hiyo sekunde moja ya prosesa moja huigwa kwa karibu saa 2 na dakika 47. Prosesa 64 zikiigwa kwa zamu, sekunde hiyohiyo hula zaidi ya siku 7.

Njia mojawapo ya kuokoa muda ni sampuli. Mfano wake uko jirani na Bunda: nyumbu wa Serengeti, wanaokadiriwa kuwa milioni 1.3, hawahesabiwi mmoja mmoja. Ndege hupita kwa mistari iliyopangwa ikipiga picha za vipande vya ardhi, na kutokana na vipande hivyo hukadiriwa idadi ya kundi zima pamoja na kiwango cha kosa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitoa mbinu ya SMARTS, inayofanya vivyo hivyo kwa amri za programu: chache, zilizochukuliwa kwa vipindi sawa, huigwa kwa undani na zilizobaki hupitishwa haraka. Kwa prosesa moja, wastani wa kosa ulikuwa asilimia 0.64.

Kwa prosesa nyingi hilo halitoshi. Prosesa inayosubiri kufuli la data iliyoshikwa na mwenzake inaweza kurudia swali lilelile, limefunguka au bado, bila kuzalisha chochote. Ukihesabu amri tu, chipu iliyokwama itaonekana hodari. Isitoshe, ucheleweshaji mdogo hubadilisha nani atashika kufuli, na mwenendo wote wa programu ukabadilika. Kipimo cha haki ni muda wa kumaliza kazi, tena baada ya kuiga mara kadhaa; namba ya jaribio moja isiaminiwe.

Njia nyingine ni kulegeza saa. Fikiria mitumbwi ya dagaa ya Musoma: kila mmoja unavua peke yake usiku kucha, na habari hukutana mwaloni alfajiri. Vivyo hivyo kila prosesa huachwa iende mbele kwa kipande cha muda, kisha zote husubiriana. Kipande kikiwa kirefu, kazi huenda mbio, lakini ujumbe kati ya prosesa huchelewa kufika na mpangilio wa matukio huvurugika. Hapo ndipo kosa hujificha.

Programu ya uigaji ya Sniper, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Ghent mwaka 2011, iliiga prosesa 16 kwa kasi ya hadi amri milioni 2 kwa sekunde, wastani wa kosa ukiwa ndani ya asilimia 25. ZSim ya Daniel Sanchez na Christos Kozyrakis, ya mwaka 2013, ilifikia prosesa 1,024: huziachia kwa kipindi kifupi bila kujali msongamano, kisha hupanga upya matukio ya kumbukumbu na kukokotoa ucheleweshaji.

Kosa la asilimia 25 linavumilika unapochagua kati ya prosesa 8 na 64. Ukitetea kashe mpya (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa) inayoongeza kasi kwa asilimia 3, halivumiliki hata kidogo, na anayelificha anapotosha. Ubunifu huanza na mwigo wa haraka ili kuchuja miundo, kisha michache iliyobaki hupewa uigaji wa undani.

Mwanafunzi wa Butiama au Musoma anaweza kuanza na gem5, programu ya uigaji iliyozaliwa mwaka 2011 kwa kuunganisha nyingine mbili, M5 na GEMS: haina malipo, msimbo wake uko wazi, na huendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida yenye Linux.