Nani Asome Daftari: Mtunza Hesabu wa Duka Tangu Enzi za Misafara

Biashara ya pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 ilisimama juu ya mali kauli, yaani bidhaa inayotolewa kwa neno na kulipwa baadaye. Nyumba za biashara za Kutch na Bombay, India, zilipeleka Unguja nguo, shanga na nyaya. Wakala wao wa Unguja aliwakopesha wenye maduka wa Bagamoyo, nao wakawakopesha wakuu wa misafara waliopanda bara hadi Tabora na Ujiji kutafuta pembe za ndovu. Tangu marobota ya merikani yafungwe hadi pembe zifike forodhani, mwaka mzima uliweza kupita, hata miaka. Tippu Tip, ambaye jina lake lilitikisa bara hadi Manyema, alisafiri kwa mali ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekaa Unguja. Katika muda huo wote, kumbukumbu ya nani anadaiwa nini ilikuwa ndani ya daftari, na daftari lilikuwa na mtu wake.

Mtu huyo alikuwa karani, na neno lenyewe limesafiri sana. Katika vyombo vya Bahari ya Hindi karani ndiye aliyeandika shehena na nauli. Ibn Battuta, msafiri wa karne ya 14, alimtaja alipoeleza jinsi vyombo vilivyopokewa Dhofar. Kutoka chomboni karani alishuka dukani, akakuta maneno mengine yaliyokuja na msimu: duka na daftari, hundi ya kuhamisha fedha bila kubeba sarafu, ankara ya kudai malipo, laki ya kuhesabia mali ya matajiri. Kiswahili kilipokea msamiati wa uhasibu kabla ya shule ya kwanza ya uhasibu kujengwa.

Hata hazina ya Sultani wa Unguja ilitegemea karani wa mtu mwingine. Ushuru wa forodha, ambao mkataba wa mwaka 1833 na Marekani uliuweka kuwa asilimia 5 ya bidhaa zinazoingia, haukukusanywa na watumishi wa Sultani. Ulikodishwa. Kwa miongo kadhaa iliyoukodi ilikuwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Baadaye kazi ikapita kwa Taria Topan. Aliyeukodi alilipa kiasi walichopatana kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Masultani walikopa kwa nyumba hiyo hiyo ya Jairam, hivyo deni la dola lilikuwa limeandikwa katika vitabu vya mkopeshaji, kwa hati ya mkopeshaji. Hapa ndipo linapoanzia swali ambalo limemfuata kila mwenye duka hadi leo: nani, mbali na aliyeandika, anaweza kulisoma daftari?

Daftari la mfanyabiashara wa Kigujarati lilikuwa refu na jembamba, likiwa na jalada jekundu la kitambaa na uzi wa kulifungia. Mwandishi aliketi chini, sanduku la mbao likiwa mbele yake kama meza. Kitabu kimoja kilipokea mambo ya siku jinsi yalivyotokea. Kutoka humo kila jambo lilihamishiwa kwenye kitabu cha majina, ambako kila mdeni na kila mdai alikuwa na ukurasa wake wenye pande mbili, wa kilichoingia na wa kilichotoka. Wakati wa Diwali vitabu vya mwaka vilifungwa, vipya vikafunguliwa kwa ibada, na maneno ya heri yakaandikwa ukurasa wa kwanza kabla ya tarakimu yoyote.

Hesabu zenyewe zilitaka kichwa kilichozoea. Rupia moja ilikuwa na anna 16, na anna moja pesa 4. Tuseme mteja amechukua kaniki saba, kila moja kwa rupia 1 na anna 6. Karani aligeuza bei kuwa anna 22, akazidisha mara saba akapata 154, akagawa kwa 16, akaandika rupia 9 na anna 10. Alifanya hivyo kichwani huku mteja amesimama mbele yake. Juu ya hapo zilikuwapo riale za Maria Theresa, zenye mwaka 1780 usoni hata zilipochapwa miaka mia baadaye, na pembe zilizopimwa kwa frasila, takriban kilo 16. Bei ya riale kwa rupia ilipanda na kushuka, na karani mzembe aliweza kulipoteza duka bila kuiba hata pesa moja.

Kwa sababu hiyo karani alichaguliwa kwa ukoo kwanza, kisha kwa jamaa ya dini, kisha kwa dhamana ya mtu anayejulikana. Vijana waliletwa kutoka Kutch na Kathiawar wakiwa bado wadogo, wakalala dukani, wakafagia, wakapima, na hatimaye wakakabidhiwa daftari. Alidina Visram alifika Bagamoyo mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 12, akafanya kazi chini ya Sewa Haji Paroo, kisha akaeneza maduka yake bara. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Kisumu mwaka 1901, naye alikuwa tayari ameelekea Uganda. Mtandao wa namna hiyo uliendeshwa na watu waliolelewa ndani ya nyumba moja. Mtu wa ukoo akivuruga hesabu Tabora, habari itafika kwa baba yake Kutch, na ndoa ya dada yake inaweza kuvunjika. Ukaguzi wa hesabu wa zama zile ulikuwa huo, na ulifanya kazi vizuri kwa waliokuwa ndani ya ukoo.

Walio nje walikuwa na mashaka yao. Mwarabu au Mswahili mwenye shamba la mikarafuu alipokopa, mara nyingi shamba liliwekwa kwa mkataba wa bei ya khiyari: limeuzwa, lakini mwuzaji ana haki ya kulirudisha akilipa ndani ya muda. Mkataba uliandikwa kwa Kiarabu, mbele ya mashahidi, na mkopaji aliweza kuusoma au kusomewa na kadhi. Mwenendo wa deni, yaani kilicholipwa na kilichobaki baada ya kila msimu, uliandikwa kwa Kigujarati. Karatasi moja mdeni aliielewa, nyingine aliiamini tu. Malalamiko mengi ya pwani juu ya wakopeshaji yalitoka kwenye ufa huo ulio kati ya hati mbili, na ni haki kusema kwamba mkopeshaji mwaminifu aliumizwa nao pia, maana hakuwa na njia ya kuonyesha uaminifu wake.

Serikali za kikoloni ziliingia katika ufa huo kwa kutafuta kodi. Tanganyika chini ya Waingereza ilitunga mwaka 1923 sheria ya kodi ya faida pamoja na sheria za leseni za biashara. Kodi ya faida haikadiriwi bila vitabu, kwa hiyo sheria ilitaka vitabu viandikwe kwa lugha ambazo maofisa waliweza kuzisoma. Kiswahili kilikubaliwa, Kigujarati hakikukubaliwa. Wafanyabiashara wa Kihindi walifunga maduka nchi nzima kwa wiki nyingi. Walikuwa na hoja ya msingi: mwenye duka dogo la Singida au Lindi, aliyejua kuandika hesabu kwa hati ya kwao tu, sasa alitakiwa aajiri mtu wa pili wa kumwandikia vitabu vya serikali, kwa mshahara ambao duka lake halikuweza kuutoa. Serikali nayo ilikuwa na hoja yake, kwani haiwezi kutoza kodi kwa kitabu isichoweza kukisoma. Kwa mara ya kwanza uchaguzi wa mtunza hesabu ulitoka mikononi mwa ukoo na kuwa jambo la sheria.

Mwaka huo huo Tanganyika ilipata sheria nyingine iliyobana kuwakopesha Waafrika, na kudai deni la namna hiyo mahakamani kukawa kugumu. Ilitetewa kuwa ni kinga. Matokeo yake kwa Mwafrika aliyetaka kufungua duka yalikuwa mabaya: bila mkopo hakuna shehena, na bila shehena hakuna hesabu ya kujifunzia. Ujuzi wa daftari ulibaki kwa wale waliokuwa nao.

Sarafu ilibadilika pia. Rupia iliondolewa, florini ikapita haraka, na kuanzia mwaka 1921 ikaja shilingi ya senti 100. Kwa mtunza hesabu mpya aliyesoma shule ya misheni mabadiliko hayo yalikuwa heri, maana hesabu za makumi ndizo alizofundishwa. Kisha ikafuata kodi ya mapato, Kenya mwaka 1937 na Tanganyika mwaka 1940. Ofisa wa kodi hakujali daftari limefungwa siku gani. Alitaka taarifa ya mwaka yenye mapato, matumizi, na kilichobaki. Nyumba kubwa zilienda kwa wahasibu wenye vyeti vya Uingereza. Duka dogo lilimwendea karani wa jioni, aliyeajiriwa mahali mchana na kutunza vitabu vya maduka kadhaa baada ya saa za kazi. Aliandika kwa Kiingereza kile mwenye duka alichomweleza kwa Kigujarati au Kiswahili, na mwenye duka akatia sahihi chini ya maneno asiyoyajua. Ufa wa zamani ulirudi, safari hii upande wa mwenye duka.

Kwa Waafrika wengi shule ya hesabu haikuwa duka, ilikuwa chama cha ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Katika Kanda ya Ziwa wakulima wa pamba, waliochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, walijenga vyama vilivyoungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Mkulima alisimama mbele ya mizani yake mwenyewe, karani akasoma uzito kwa sauti na kuandika stakabadhi. Kusoma kwa sauti kulikuwa na maana kubwa, kwani aliyekuwa nyuma kwenye foleni alisikia na kulinganisha. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, lakini vyama viliongezeka kuliko makarani waliofunzwa, na tume ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta upungufu wa watumishi wenye ujuzi na wizi mahali pengi. Watu walichagua makarani wao kwa kuwafahamu, kama ukoo ulivyofanya, pasipo ile adhabu ya ukoo iliyomfuata mkosaji hadi nyumbani.

Jibu la mataifa huru lilikuwa orodha ya watu waliosajiliwa. Kenya iliunda bodi ya mitihani ya wahasibu mwaka 1969 na ikatunga Sheria ya Wahasibu mwaka 1977. Tanzania ilitunga sheria ya kusajili wakaguzi na wahasibu mwaka 1972, ndiyo iliyozaa bodi ya wahasibu, NBAA, na mwaka huo huo Chuo cha Usimamizi wa Fedha kikaanzishwa Dar es Salaam. Uganda ilifuata mwaka 1992. Mwanzoni waliofaulu walimezwa na mashirika ya umma, kwa kuwa baada ya Azimio la Arusha huko ndiko zilikokuwa fedha na magari. Mwenye duka hakuwaona hadi biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, na zaidi baada ya Mamlaka ya Mapato Tanzania kuanza kazi mwaka 1996 na kodi ya ongezeko la thamani kuingia mwaka 1998.

Mwaka 2010 zikaja Tanzania mashine za kielektroniki za risiti. Zilipopelekwa kwa wafanyabiashara wadogo, maduka ya miji kadhaa yalifungwa kwa mgomo mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, miaka tisini baada ya mgomo wa daftari la Kigujarati, na kwa sababu inayofanana: chombo cha kuandikia hesabu kiliamuliwa na msomaji wa serikali, na gharama ikabebwa na duka.

Katika mazingira hayo, kuchagua mhasibu kumekuwa na hatua zake. Ya kwanza ni kutazama kama jina lake limo katika rejista ya bodi, na kama ana kibali cha kuhudumia umma, maana hayo ni mambo mawili: mhasibu aliyesajiliwa anaweza kuajiriwa na kampuni lakini asiwe na ruhusa ya kutia mhuri kwenye hesabu za wengine. Vishoka wanaoandaa hesabu za mwaka kwa siku moja, bila kuona risiti hata moja, hustawi hasa pale mwenye duka asipojua tofauti hiyo. Ya pili ni kupima ukubwa wa biashara. Mwaka 2019 Tanzania ilipandisha kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kiwango cha mauzo ghafi ambacho kikivukwa mfanyabiashara binafsi alidaiwa hesabu zilizothibitishwa na mhasibu. Aliyekuwa chini ya hapo hakuhitaji mhuri. Alihitaji mtu wa kumpangia kumbukumbu. Faida yake ilipimika. Kwa viwango vya mwaka huo, mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 asiye na kumbukumbu alilipa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 30,000.

Yanayobaki hayamo katika sheria yoyote. Risiti halisi hukaa kwa nani, nywila ya akaunti ya kodi iko mkononi mwa nani, na mhasibu akiondoka mwenye duka anabaki na nini? Je, amewahi kushughulikia biashara ya aina hiyo, kwani hesabu za duka la dawa, zenye tarehe za kuisha muda, si hesabu za gereji? Taarifa ya mwaka huandikwa kwa kawaida kwa Kiingereza, ilhali msamiati wake wa Kiswahili upo kamili: mizania, urari, leja, wadaiwa, wadai. Mhasibu anayefaa duka dogo huketi na mwenyewe kabla ya sahihi kutiwa, akapita mstari kwa mstari na kusema kila tarakimu imetoka wapi. Kwenye kaunta, kando ya mashine ya risiti, bado kuna kaunta buku lenye majina ya wadeni wa mtaa, limeandikwa kwa kalamu ya mwenye duka, kwa Kiswahili, na mhasibu huyo huanzia humo.